Kura Tatu na Kiti cha Rufiji

Chama cha TANU kilipoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 kilikuwa na katiba na viongozi, ila wanachama wake walikuwa wa kuhesabu. Serikali ya mkoloni haikuwa tayari kukiandikisha chama cha watu wachache wanaojuana mjini. Kwa masimulizi ya wazee wa Dar es Salaam, ambayo mwandishi Mohamed Said ameyakusanya kwa miaka mingi, mmoja wa wanaharakati wa mwanzo, Said Chamwenyewe, alifunga safari kwenda Rufiji kutafuta wanachama, akarudi na majina. Kwa hiyo kabla TANU haijawa chama cha Watanganyika wote, ilikwisha kuwa chama cha wakulima wa mpunga wa bonde la Rufiji, watu wanaolala kwenye madungu kuwinga ndege na nguruwe, na ambao mafuriko yakiondoka hupanda mahindi ya mlao kwenye udongo ulioachwa na mto.

Kwa nini Rufiji? Ukaribu na Dar es Salaam ulisaidia, lakini hauelezi yote. Watu wa bonde hili walikuwa na kumbukumbu yao wenyewe ya siasa ya kujumuisha, na ilikuwa kumbukumbu chungu. Mganga Kinjikitile Ngwale alikaa Ngarambe akitoa dawa ya maji kwa kila aliyekuja, awe Mmatumbi, Mngindo, Mrufiji au Mpogoro. Watu walikwenda kwake kwa makundi, wakarudi makwao na habari moja: Mjerumani anaweza kuondolewa iwapo wote watasimama pamoja. Julai 1905 wakulima wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba ya serikali. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, huku huku Rufiji. Vita vya Maji Maji vikaenea hadi Ungoni, na watu waliokufa, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000.

Mwanasiasa aliyefika Rufiji nusu karne baadaye kuuza kadi alilikuta somo hilo lina pande mbili. Umoja wa makabila ulishajaribiwa na ukawezekana, ila gharama yake wazee walikuwa wanaikumbuka kwa majina ya ndugu zao. Nyerere, kiongozi wa TANU, alilijua jambo hili. Alipozungumza mbele ya Umoja wa Mataifa Desemba 1956 aliitaja Maji Maji kama ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakuwahi kukubali kutawaliwa. Nyumbani, mikutanoni, alikazia jambo jingine: safari hii uhuru utadaiwa bila kumwaga damu. Bila ahadi hiyo sidhani kama mzee wa Utete au Mohoro angemruhusu mwanawe kubeba kadi.

Wanaume waliuza kadi, lakini aliyeziuza kwa maelfu alikuwa mwanamke. Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU kitengo chao cha wanawake kiko wapi. Hakikuwapo. Wakamtafuta Bibi Titi. Yeye hakuanza kwa kuunda matawi. Aliingia kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, ambako wanawake wa makabila mbalimbali walikwisha kuzoeana kucheza pamoja, kuchangiana misibani na kushindana kwa mavazi. Wanawake wa Kizaramo, Kindengereko, Kimanyema na Kinubi walikuwa na viongozi wao, mifuko yao ya fedha na njia zao za kupashana habari ambazo bwana shauri hakuzijua. Kwa miezi michache maelfu wakachukua kadi, na waume zao wengi wakafuata nyuma.

Tuangalie kilichofanyika hapo, maana mara nyingi kinasimuliwa kama miujiza ya kipaji cha Nyerere. TANU ilikuta umoja wa wanawake wa mjini na wa pwani umekwisha jengwa kwa Kiswahili, kwa ngoma na kwa shida za pamoja. Ikaupa kazi ya siasa. Chama kilichokuja na hotuba za umoja bila kupita kwa watu hao kingebaki na hotuba zake.

Jaribio kubwa lilikuja na uchaguzi. Gavana Edward Twining alitaka Tanganyika ijengwe juu ya usawa wa mataifa matatu: Waafrika, Waasia na Wazungu, kila kundi na viti sawa, ingawa Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 95 ya watu wote. Mwaka 1956 kikaanzishwa chama cha UTP kwa baraka zake, chama kilichojitangaza kuwa ni cha rangi zote. Kisha ikaja sheria ya kura tatu: nchi igawanywe majimbo kumi, kila jimbo litoe wabunge watatu, mmoja wa kila rangi, na kila mpiga kura alazimike kuwachagua wote watatu la sivyo kura yake iharibike. Kura yenyewe haikuwa ya kila mtu. Ilimtaka mtu awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima wa Rufiji aliyeisajilisha TANU kwa jina lake hakuwa na nafasi ya kuipigia kura.

Hapa ndipo maneno mawili, kujumuisha na kugawa, yalipovaa nguo za mwenzake. Chama cha UTP kilisema kinajumuisha rangi zote, na kwa kweli kilikuwa na wanachama wa rangi zote. Lakini ujumuishaji wake ulimhesabu Mzungu mmoja sawa na mamia ya Waafrika. Chama cha TANU kilisema kinadai haki ya kila mtu, na bado Mhindi au Mzungu hakuruhusiwa kuwa mwanachama wake. Mlango huo ulifunguliwa baada tu ya uhuru. Anayetaka kupima siasa ya vyama kwa orodha ya wanachama atapotea njia katika miaka hiyo.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kuamua: wasusie kura tatu au waingie? Wengi walikwenda na nia ya kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Kumpigia kura Mzungu kwa amri ya Mzungu kulikuwa ni kudhalilika. Nyerere alisimama upande usiopendwa. Hoja yake ilikuwa kavu: mkisusa, UTP wataingia bungeni bila kupingwa na watasema wao ndio sauti ya nchi, mkiingia, mtawachagua Waasia na Wazungu wanaokubaliana nanyi, na mpango wa Twining utamgeuka mwenyewe. Mjadala ulichukua siku kadhaa na ulikuwa mkali. Mwishowe kura ya wajumbe ikaamua kushiriki. Chama baadaye kiliuita Uamuzi wa Busara, jina la washindi.

Walioshindwa hawakunyamaza. Zuberi Mtemvu, aliyekuwa mtendaji wa TANU toka siku za mwanzo, alitoka na kuanzisha African National Congress, chama kilichodai Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao. Ujumbe wake ulikuwa mwepesi kueleweka na ulikuwa na wasikilizaji, hasa pwani, ambako watu waliwaona wafanyabiashara wa Kihindi wakinunua mazao yao kwa bei waitakayo. Nyerere naye aliupokea kwa uzito. Mtu anayedhani siasa ya kubagua haikuwa na nafasi Tanganyika hajasoma mwaka 1958 sawasawa.

Ufa wa pili ulikuwa wa ndani zaidi. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU na mmoja wa waliompokea Nyerere mjini, aliuliza mwaka huo huo juu ya nafasi ya Waislamu baada ya uhuru, ikiwa chama kilichojengwa kwa jasho lao kitaongozwa na Wakristo waliosoma shule za misheni. Alifukuzwa. Kukawapo pia chama cha AMNUT, kilichotaka uhuru ucheleweshwe hadi Waislamu wapate elimu ya kutosha. Wazee wengi wa Kiislamu wa Dar es Salaam walikipinga hadharani, na hakikupata mashiko. Mtemvu alijibiwa kwa hoja, tena mbele ya mkutano mzima. Sheikh Takadir alijibiwa kwa kufukuzwa, na swali lake likabaki kwenye baraza za misikiti na vibarazani kwa miongo mingi, likisubiri kampeni itakayolihitaji.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Rufiji ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki, na mgombea wa TANU kwa kiti cha Mwafrika katika jimbo hilo alikuwa Nyerere mwenyewe. Alishindana na Patrick Kunambi, mtu wa Uluguru aliyekuwamo kwenye mkutano ule wa kuanzisha TANU. Nyerere alipata kura zaidi ya 2,600, Kunambi takriban 800. Kote nchini Waasia na Wazungu walioungwa mkono na TANU walishinda, kina Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Wapiga kura wa Kiafrika walifanya jambo ambalo sheria iliwalazimisha kulifanya, ila wakalifanya kwa namna ambayo mtunga sheria hakuitarajia. UTP ikafa. Mtemvu aliambulia kura chache mno, na hata mwaka 1962 alipogombea urais dhidi ya Nyerere hakufika asilimia mbili.

Ukitaka kuona thamani ya uamuzi wa Tabora, angalia majirani. Uganda iliingia uhuru mwaka 1962 kwa ndoa ya chama cha UPC na Kabaka Yekka, chama cha Waganda kilichosimamia kiti cha mfalme wao. Ndoa ikavunjika, na mwaka 1966 mizinga ikalia kwenye kasri la Mengo. Kenya iligawanyika KANU na KADU kwa misingi ya makabila makubwa na madogo, na mwaka 2007 bado kampeni zilikuwa zikihesabu makabila arobaini na moja dhidi ya moja. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata.

Baada ya uchaguzi wa 1960, ambapo TANU ilipata viti 70 kati ya 71, Bibi Titi alikuwa mbunge wa Rufiji. Alikuwa naibu waziri, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Jimbo na mbunge walifanana: wote wawili waliijenga TANU kabla haijawa na kitu cha kumpa mtu.

Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, na hapo ndipo mbinu ya kujumuisha ilipoandikwa kuwa kanuni. Mkutano wa wilaya ulipiga kura za kupendekeza, Halmashauri Kuu ikateua wawili, na wananchi wakamchagua mmoja. Wagombea walipewa alama, mmoja jembe na mwenzake nyumba, ili asiyejua kusoma aweze kuchagua. Walisafiri pamoja, wakapanda jukwaa moja, chama kikilipia kila kitu. Ilikuwa marufuku kutaja kabila, dini au rangi, marufuku kuzungumza lugha nyingine isipokuwa Kiswahili, marufuku kudai kwamba Mwalimu Nyerere anakutaka wewe. Mgombea hakuruhusiwa kufanya mkutano wake peke yake, wala kutumia fedha zake.

Kanuni hizo zilikuwa na matunda, na si haki kuzidharau. Amir Jamal, Mhindi, alishinda Morogoro kati ya wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa. Wabunge wengi waliokuwa madarakani hawakurudi. Mwananchi aliyeambiwa chama ni kimoja aligundua kwamba bado anaweza kumwondoa mkubwa, akamwondoa. Na mmoja wa waliopoteza viti vyao alikuwa Bibi Titi Mohamed.

Wasimulizi wengi hupita hapa haraka, kana kwamba wanaona aibu kwa niaba yake. Mimi naona kushindwa kule ni sehemu ya kile alichokipigania: Rufiji haikumpa kiti kwa heshima ya ngoma na kadi za zamani. Lakini kuna jambo jingine la kusema juu ya uchaguzi ule. Kanuni zilizozuia mgombea kugawa watu zilimzuia pia kubishana na sera. Ilani ilikuwa moja. Jembe na nyumba walitofautiana kwa tabia, kwa elimu na kwa ukaribu wao na watu. Suala la nani atashika ardhi ya bonde, au nani aamue mkulima aishi wapi, halikuwa la kampeni.

Nalo halikuchelewa kufika. Mapema mwaka 1968 Rufiji ilifurika vibaya. Serikali ikaamua kwamba watu wa bondeni wahamie nyanda za juu, kwenye vijiji vya ujamaa, na Operesheni Rufiji ikawa miongoni mwa uhamishaji mkubwa wa kwanza wa aina yake nchini. Watu waliachishwa mashamba yenye rutuba ya mto wakapelekwa kwenye mchanga wa juu, mbali na mpunga na mlao. Wengi walirudi bondeni kulima msimu ukifika, wakiishi maisha ya huku na huko. Hapakuwa na mgombea aliyekuwa na ruhusa ya kusimama Mohoro akasema sera hii ni mbaya, nichagueni niipinge.

Wakati huo Bibi Titi alikwisha kuachana na uongozi. Alijiuzulu Kamati Kuu mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha kuwazuia viongozi kupangisha nyumba. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, wiki moja baada ya uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992 vikiwa vimefungwa kwa kamba ile ile ya 1965. Sheria ya Vyama vya Siasa ilikataa kusajili chama cha dini, kabila, rangi au eneo, ikataka kila chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua kumi, Zanzibar ikiwamo. Ni kanuni nzuri. Lakini iliwapa wanakampeni silaha mpya: badala ya kuwagawa watu kwa dini au kabila, unamtuhumu mwenzako kuwa ndiye anayewagawa. Katika upinzani, CUF iliitwa chama cha Waislamu na cha Wapemba. CHADEMA ikaja kuitwa chama cha Wachagga, kisha cha Wakristo. Mchungaji Christopher Mtikila alijenga jina lake kwa kuwashambulia Waasia, aliowaita magabacholi, lakini yeye alisema wazi. Tuhuma ya udini ilisemwa kwa sauti ya umoja, na kwa hiyo ilikuwa ngumu kuijibu.

Pwani yote ya kusini, kutoka Kibiti hadi Mtwara, iliishi na tuhuma hiyo. Mtu wa Bungu au Ikwiriri aliyevaa kofia na kuhudhuria mkutano wa CUF kwa sababu ya bei ya korosho aliambiwa amefuata dini. Na bado mwaka 2005 chama tawala chenyewe, CCM, kiliweka suala la Mahakama ya Kadhi kwenye ilani yake, jambo lililowagusa wapiga kura wa pwani moja kwa moja. Mwaka 2010 maaskofu wa Katoliki walikuwa na mwongozo wao wa uchaguzi na masheikh wakatoa wao. Mwaka 2015 muswada uliogusa Kadhi ukaahirishwa bungeni kwa malumbano. Lile swali la Sheikh Takadir lilikuwa limeokotwa, likatumika kuombea kura, likarudishwa kabatini bila jibu.

Katikati ya hayo, mambo ambayo watu wa delta ya Rufiji walikuwa wanayataja wao wenyewe yalikuwa ya ardhi na maji. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi wa ufugaji wa kamba wa hekta 10,000 ndani ya delta yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki, na wanavijiji wakaenda Mahakama Kuu kuupinga. Mwislamu na Mkristo, Mrufiji na Mnyagatwa, CCM na CUF walikuwa na mashamba yale yale ya mpunga ya kupoteza. Chama chochote kilichotaka kampeni ya kujumuisha kilikuwa nayo pale, imeiva. Hakuna chama kilichoigeuza kuwa ajenda yake ya kudumu.

Mwaka 2016 Kibiti ilikuwa wilaya mpya iliyokatwa kutoka Rufiji, na delta ikawa upande wake. Wakati huo mauaji yalikwisha kuanza. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na viongozi wa matawi ya chama tawala walipigwa risasi usiku majumbani mwao, mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa karibu na Jaribu Mpakani. Serikali ikaunda Mkoa wa Kipolisi wa Rufiji, pikipiki zikapigwa marufuku usiku, operesheni ikaingia vijijini. Tarehe 21 Novemba mwaka huo mwandishi wa habari wa gazeti la Mwananchi, Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka Kibiti na hajaonekana tena.

Sitaki kudai kwamba kampeni za uchaguzi zilizaa mauaji yale. Walioua hawakupeleka wagombea popote. Ninachosema ni kwamba waliolengwa walikuwa watu wa ngazi ya chini kabisa ya siasa, wale wanaochaguliwa na majirani zao, na kwamba baada ya hapo watu waliogopa cheo hicho hata kwa kukisikia. Wengine walijiuzulu, wengine walihama usiku. Mazungumzo ambayo Chamwenyewe aliyaanza kwa kadi na ambayo Bibi Titi aliyapeleka kwenye ngoma yalifungwa milango.

Uchaguzi wa serikali za mitaa, unaojaza nafasi hizo hizo za wenyeviti wa vijiji na vitongoji, ulifuata tarehe 24 Novemba 2019. Wagombea wengi wa upinzani nchini kote walienguliwa kwa kasoro za fomu, na vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa. CCM ilipata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi zote, sehemu kubwa yake bila kura kupigwa.